Sindano za Rungwe Mbele ya Jopo la Waamuzi

Maonesho ya mchujo ni yale ambayo kazi haiingii ukumbini kwa kuwa mwenyewe amelipia meza, wala kwa kuwa kikundi chake kimemteua, bali kwa kuwa jopo la waamuzi, yaani watu wachache wenye ujuzi wa fani husika, wameikagua na kuona kwamba inastahili kuwekwa mbele ya umma. Mchujo wa namna hii una hatua mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: ya kwanza ni ya kuingia, ambapo kazi nyingi hukataliwa, na ya pili ni ya tuzo, ambapo zile zilizopokelewa hupimwa upya, moja baada ya nyingine. Kwa kazi za sindano, yaani udarizi, ufumaji wa kroshia, ufumaji wa sindano mbili na ushonaji wa mkono, utaratibu huo si mgeni duniani. Katika Maonesho Makuu ya London ya mwaka 1851, yaliyotembelewa na watu zaidi ya milioni 6, bidhaa ziligawanywa katika madaraja 30, na lesi na udarizi vikawa na waamuzi wao, ingawa medali zilikwenda kwa aliyeileta kazi, ambaye mara nyingi alikuwa mfanyabiashara wala si aliyeshika sindano.

Maonesho ambayo mwanamke wa Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, huyafikia kwa urahisi zaidi na kitambaa chake ni ya Nane Nane, sherehe za wakulima, yanayofanyika kila mwezi Agosti katika uwanja wa John Mwakangale jijini Mbeya, kiasi cha kilomita 70 kutoka Tukuyu; katika uwanja huo kilele cha kitaifa cha sherehe hizo kilifanyika mwaka 2022 na tena mwaka 2023. Hapo mshindani mkuu ni banda. Halmashauri, taasisi, kampuni na miradi hujipanga kila moja katika eneo lake, na vikombe na vyeti hutolewa kwa kuangalia jinsi banda lilivyopangwa, lilivyoelimisha na lilivyovutia watu. Kazi ya sindano hufika humo ikiwa sehemu ya picha kubwa: kitambaa kilichodariziwa hutandikwa mezani, juu yake huwekwa parachichi, chupa za asali na paketi za chai, na mgeni rasmi akipita husifu meza nzima. Anayetaka kujua ni nani aliyedarizi, alitumia mshono gani na kwa nini pembe za kitambaa zimekaa vizuri kiasi hicho, hana mahali pa kuuliza, na kitambaa chenyewe kimefunikwa nusu na parachichi.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika sherehe hizohizo ng'ombe amepata haki ambayo kitambaa hakijaipata. Paredi ya mifugo, ambayo imekuwa kivutio kikubwa katika viwanja vya Nzuguni jijini Dodoma, humsimamisha mnyama mmoja mmoja mbele ya waamuzi wanaoangalia mgongo, miguu, kiwele na mwendo wake, kisha kutangaza mshindi kwa vigezo vinavyojulikana. Rungwe ni wilaya ya maziwa, na mfugaji wake anaelewa vyema kwamba ng'ombe hapimwi kwa uzuri wa zizi. Hoja ya makala haya ni kwamba kazi ya sindano ya wilaya hiyo haitapata thamani yake mpaka nayo ipimwe hivyo: kipande kimoja kimoja, kwa vigezo vilivyoandikwa, chini ya jina la aliyekitengeneza.

Kazi yenyewe ipo kwa wingi, na sababu ya kwanza ni hali ya hewa. Tukuyu iko katika mwinuko wa zaidi ya mita 1500 kutoka usawa wa bahari, chini ya mlima Rungwe wenye urefu wa mita 2960, na mvua yake hupita milimita 2000 kwa mwaka, kwa hiyo sweta, kofia ya mtoto mchanga, soksi na shali ni mahitaji ya kila siku, wala si mapambo. Masweta ya wanafunzi hufumwa zaidi kwa mashine ya kufumia, lakini mavazi ya watoto wachanga bado hufumwa kwa mkono. Pamoja na hayo kuna vitambaa vya makochi na vya meza, vile vinavyotandikwa sebuleni na kupelekwa harusini kama zawadi, ambavyo hufumwa kwa kroshia, yaani kwa sindano moja yenye ndoano inayovuta uzi kutoka tundu hadi tundu, au hudariziwa maua, ndege na maneno ya kumkaribisha mgeni.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Wamisionari wa Kimoravian walianzisha kituo chao Rungwe mwaka 1891, na kanisa lao lilikuwa na mapokeo ya sindano yaliyotangulia kufika kwao Afrika Mashariki kwa zaidi ya karne moja. Katika mji wa Bethlehem, Pennsylvania, ambako Wamoravian waliendesha shule ya wasichana iliyoanzishwa mwaka 1742, akina dada wa kanisa hilo walisifika kwa udarizi, na bendera waliyoitengeneza mwaka 1778 kwa ajili ya kikosi cha Casimir Pulaski katika vita vya uhuru wa Marekani imehifadhiwa hadi leo. Mafunzo ya ushonaji yaliyoingia katika shule za misheni nchini Tanganyika hulaumiwa kwa kusudi lake la kumwandaa mke wa nyumbani kwa mizani ya Ulaya, na lawama hiyo ni ya haki, lakini ufundi ulibaki mikononi mwa wanawake na wakautumia kwa mambo yao wenyewe. Leo Tukuyu, ambako pia kuna waumini wa Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, vitambaa vya madhabahuni na vya mimbari ni kazi ambayo makosa yake huonwa na waumini wote kila Jumapili.

Baada ya misheni zilikuja klabu. Baraza la Wanawake la Tanganyika, lililoundwa mwaka 1951 chini ya uongozi wa Lady Twining, mke wa gavana, lilihimiza klabu za wanawake zilizofundisha kushona na kufuma pamoja na malezi na usafi, na baada ya uhuru, mwaka 1962, Umoja wa Wanawake ulioongozwa na Bibi Titi Mohamed ulirithi uwanja huo na kuupa malengo ya kisiasa na kiuchumi. Kutoka hapo kazi ya sindano imeelezwa serikalini kama mradi wa kikundi, jambo ambalo lina faida zake na pia gharama yake, kama itakavyoonekana mbele.

Anayetaka kuipeleka kazi yake kwenye mchujo anapaswa kwanza kujua jinsi mwamuzi anavyoitazama, kwa maana haitazami kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Mgeni husifu upande wa mbele. Mwamuzi hutazama mbele, kisha hukigeuza kitambaa, na mambo mengi huamuliwa hapo. Nyuma ya kitambaa huonekana mafundo, ambayo yakipigwa pasi huacha vinundu upande wa mbele; huonekana uzi uliorushwa kutoka ua moja hadi jingine badala ya kukatwa na kuanzwa upya, ambao juu ya kitambaa cheupe huonekana kama kivuli cha mstari; na huonekana ncha za uzi zilizoachwa zikining'inia badala ya kupitishwa chini ya mishono iliyokwisha shonwa. Uzi wa kawaida wa kudarizi una nyuzi 6 zilizolazwa pamoja, na mshonaji huchagua kutumia mbili, tatu au zote. Kuanza na mbili na kumalizia na tatu katika jani lilelile, kwa kuwa uzi wa mwanzo uliisha, ni kosa ambalo mwenye nyumba hatalijua na mwamuzi hataliacha.

Baada ya nyuma hufuata mkazo, yaani nguvu ambayo uzi umevutwa nayo. Ukivutwa mno kitambaa hukunjamana kuzunguka ua, na pasi haiondoi mkunjo huo. Ukilegea mno, mshono hunasa ukucha. Mshono wa kujaza, ambao nyuzi hulazwa sambamba mpaka zifunike umbo zima, ndio unaofichua mkono kuliko yote, kwa sababu ukingo wake lazima uwe mkali na nyuzi zake zilale upande mmoja, wakati mshono wa mnyororo, ambao kila pete hushikwa na pete inayofuata, husamehe kidogo. Katika kroshia kipimo ni kulala kwa kazi: kitambaa cha duara ambacho fundi ameongeza matundu machache mno katika kila mzunguko hujikunja juu kama bakuli, na chenye matundu mengi mno huwa na mawimbi ukingoni, na wanga unaweza kuficha kasoro hiyo kwa siku moja tu. Katika sweta hutazamwa maungio ya bega na kwapa, shingo inayopita kichwani bila kulazimishwa, na pindo za mikono zinazorudi zikivutwa.

Masharti ya usafi huonekana madogo mpaka yamfukuze mtu mashindanoni. Michoro mingi ya udarizi hunakiliwa kwa karatasi ya kaboni, ambayo alama yake ya buluu hubaki ikizunguka jani ambalo mshono haukuifunika vizuri. Uzi mwekundu wa bei ya chini huchuja rangi ukifuliwa, kwa hiyo hujaribiwa kabla ya kutumiwa, kwa kuulowesha na kuubana kwenye kipande cheupe. Kwa Rungwe kuna adui wa ziada anayejulikana na kila mwenye shamba la migomba: utomvu wa ndizi, ambao ukiwa mbichi hauonekani na ukikauka huwa doa la kahawia iliyokolea lisilotoka kwa sabuni yoyote. Vidole vilivyochuma chai tangu alfajiri navyo hukwaruza na kunasa uzi, na ndiyo maana si ajabu kwa fundi kuisogeza kazi yake nyeupe hadi siku ambazo hakuna kumenya ndizi wala kuchuma. Katika miezi ya Machi hadi Mei, mvua inapokuwa haikatiki, kitambaa kilichofuliwa na kukunjwa kabla hakijakauka kabisa huota kuvu, na mwamuzi hutambua kwa harufu kabla ya kuona doa.

Juu ya ufundi kuna usanifu, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri hukwama. Ni kawaida kwa maonesho ya mchujo kudai kwamba mchoro uwe wa mshiriki mwenyewe, au kwamba chanzo chake kitajwe, na tuzo ya ubora wa kazi za mikono ambayo UNESCO iliianzisha mwaka 2001 katika Asia ya Kusini Mashariki ilihesabu, pamoja na ubora wa ufundi, uasili wa kiutamaduni, ubunifu na heshima kwa mazingira. Udarizi wa sebuleni huishi kwa kunakiliana: waridi lile lile na tausi yule yule husafiri kutoka nyumba hadi nyumba na kutoka mkoa hadi mkoa. Hakuna ubaya katika hilo nyumbani, lakini jopo likiona tausi wa kumi litamtafuta aliyechora kitu kingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inalinda mchoro, na ulinzi huo hufanya kazi pande zote mbili, yaani unamzuia fundi kuchukua mchoro wa mwingine, na unamlinda yeye mchoro wake ukichukuliwa na mwenye kiwanda.

Rungwe haijapungukiwa na vitu vya kuchora. Katika misitu ya mlima huo ndiko watafiti walikomkuta, mwaka 2003, kima wa miti aitwaye kipunji, aliyetangazwa rasmi kwa wanasayansi mwaka 2005 na kupewa mwaka uliofuata jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la kisayansi la viumbe wanaokaribiana kinasaba, lililopewa jina la mlima: Rungwecebus. Kipunji ana shungi refu la nywele zilizosimama utosini, na shungi hilo ni mtihani halisi wa sindano, kwa kuwa mishono mirefu na mifupi lazima ipishane ili nywele zionekane zimeota na zisionekane zimebandikwa. Kuna Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, kuna ziwa Ngosi ndani ya kreta yake, kuna mistari ya chai iliyokatwa sawa inayofuata mgongo wa kilima. Hata hivyo, tahadhari inahitajika: kitambaa chenye mlima, ziwa, chai na kipunji kwa pamoja ni tangazo la utalii, na jopo lenye macho litapendelea jani moja la mgomba lililopasuliwa na upepo na kushonwa kikamilifu.

Suala la jina ni gumu zaidi kuliko la mchoro. Utaratibu wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, uliowekwa kisheria mwaka 2018 kwa mgawanyo wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, umekopesha zaidi vikundi, na kwa sababu hiyo fundi amezoea kujitambulisha kwa jina la kikundi. Fomu ya mchujo huuliza nani alishona. Kama mmoja amechora, mwingine akadarizi na wa tatu akaweka pindo la kroshia, wote watatu wanapaswa kuandikwa na kazi ya kila mmoja kuelezwa, na kama pindo lilipigwa kwa cherehani hilo nalo husemwa, kwa kuwa kazi iliyoandikishwa kuwa ya mkono na kugunduliwa kuwa na mshono wa mashine huondolewa hata ikiwa nzuri. Kwenye uamuzi wenyewe jina hufichwa na namba hutumika. Katika mji mdogo kama Tukuyu, ambako mwamuzi anaweza kuwa shangazi wa mshiriki au mwenzake wa kwaya, namba peke yake haitoshi, na angalau mwamuzi mmoja hana budi kutoka nje ya wilaya.

Hatua ya kuingia hufanyika mara nyingi kwa picha. Soko la Kimataifa la Sanaa za Jadi la Santa Fe nchini Marekani, lililoanza mwaka 2004, huchagua mafundi kwa maombi yanayoambatana na picha za kazi, na yeyote anayeomba kutoka Rungwe atajulikana kwanza kupitia simu yake. Mwanga wa siku yenye mawingu, ambao Tukuyu inao kwa wingi, ni bora kuliko jua kali na ni bora mno kuliko taa ya chumbani; kitambaa huning'inizwa kimenyooka mbele ya ukuta mtupu, simu hushikwa sambamba nacho ili pembe zisipinde, na picha ya pili hupigwa kwa karibu ili mishono ihesabike. Kazi ikikubaliwa, haikunjwi. Huviringishwa juu ya bomba la karatasi linalobaki jora la kitambaa linapoisha, upande uliodariziwa ukiwa nje, ikafunikwa kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa kabla ya kuwekwa ndani ya nailoni.

Kuhusu bei, fomu hutaka thamani hata kama kazi haiuzwi, kwa sababu ya bima na kwa sababu ya heshima. Fundi aliyezoea kuongeza kidogo juu ya gharama ya uzi hujidhulumu bila kujua. Tuseme kitambaa kimechukua saa 60, na saa moja ikahesabiwa kwa shilingi 1,000 tu, na uzi na kitambaa vikagharimu shilingi 15,000: thamani yake tayari ni shilingi 75,000, kabla ya kulipia ubunifu. Mnunuzi wa barabarani hatalipa kiasi hicho, na ndiyo sababu mojawapo ya kuhitaji maonesho ambayo mnunuzi wake ni mwingine.

Mifano ya karibu inaonesha kwamba viwango hupanda pale vinapodaiwa. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kwa ajili ya kuwaajiri watu wenye ulemavu, ilijijengea jina kwa ubora wa bidhaa na haikutegemea huruma ya wanunuzi. Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa jijini Dar es Salaam mwaka 2008 na Mustafa Hassanali, huwapitisha wabunifu chipukizi mbele ya majaji, ingawa kinachopimwa jukwaani ni vazi likitembea, na nyuma ya mshono haionekani. Zanzibar, ambako kofia hushonwa kwa mkono kwa kuzungushia uzi vitundu vidogo kimoja baada ya kingine, mchujo hufanywa na mnunuzi mwenyewe anayeiinua kofia kwenye mwanga kabla ya kutaja bei, na fundi hodari huitisha bei kubwa kwa sababu wanunuzi wanajua kutofautisha. Elimu hiyo ya mnunuzi ndiyo inayokosekana kwenye vitambaa vya makochi.

Halmashauri za Rungwe na Busokelo, pamoja na waandaaji wa Nane Nane ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, hawahitaji jengo jipya wala mfadhili ili kuanza. Walimu wa ushonaji wa chuo cha ufundi stadi cha VETA Mbeya, maofisa wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, na walimu wa sayansi kimu, lile somo la shule linalofundisha ushonaji, upishi na malezi, wanaweza kuunda jopo la watu watatu. Vigezo vikaandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa katika ofisi za kata miezi sita kabla, ili fundi ajue anachopimwa nacho. Madaraja yakawa matatu tu mwanzoni, udarizi, kroshia na sindano mbili. Na kila atakayekataliwa akapewa sentensi mbili za maandishi zinazoeleza kasoro ya kazi yake, kwa kuwa mchujo usiotoa sababu humrudisha fundi nyumbani akiwa na hasira na bila somo. Meza ya mchujo huo isiwekwe parachichi. Na fundi wa Tukuyu asiisubiri: achague sasa kipande kimoja alichokimaliza, akigeuze, na aanze kurekebisha kile atakachokiona upande wa nyuma.